Uliza Mama Fundi: Flapu za kupulizwa, na injini ikizima je?

Toleo lililopita nilieleza jinsi Caravan, ile ndege ndogo ya Cessna yenye injini moja ya propela, inavyotua kwenye viwanja vifupi vya mbugani kwa msaada wa flapu zake, yaani vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshuka wakati wa kutua. Mwishoni nikagusia kwamba zipo ndege zinazopuliza hewa juu ya flapu ili zitue kwenye kifupi zaidi. Sentensi hiyo moja imeniletea barua nyingi kuliko ukurasa mzima. Haya, leo ni flapu mwanzo mwisho. Aliyeuliza kuhusu jenereta ya saluni avute subira.

Shikamoo Mama Fundi. Niko mwaka wa mwisho wa uhandisi wa mitambo. Mradi wangu ni ndege ya abiria tisa ya kwenda visiwani na mbugani, itakayohitaji mita 200 tu za kiwanja. Nimewaza nichukue Caravan, nichote hewa ya moto kwenye kompresa ya injini (sehemu inayobana hewa kabla ya kuchomwa na mafuta), niipitishe kwa bomba ndani ya bawa na kuipuliza juu ya flapu. Msimamizi wangu amesema haiwezekani, akaishia hapo. Naambatanisha mchoro. — M., Mabibo

Marahaba, mwanangu. Mchoro nimeuona. Mishale imejaa tele, namba hakuna hata moja. Msimamizi wako yuko sahihi, lakini mwanafunzi hafukuzwi kwa neno moja, kwa hiyo tuitafute sababu kwa kalamu.

Anza na tatizo ambalo upulizaji unalitatua. Flapu ikishuka sana, hewa inayopita juu ya bawa inatakiwa igeuke ghafla kuifuata. Ile iliyo karibu kabisa na bati la bawa imeshapunguzwa mwendo na msuguano. Ikifika kwenye kona haina nguvu ya kugeuka, inabanduka, na flapu inabaki kuwa breki tu. Ndiyo maana flapu za kawaida huishia kwenye nyuzi 30 au 40. Sasa ukipitisha utando mwembamba wa hewa yenye kasi kwenye mwanya ulio mbele tu ya flapu, ile hewa iliyochoka inapata msukumo na kufuata kona hata flapu ikiwa nyuzi 60. Faida ya kwanza ni hiyo, nayo ni ya bei nafuu. Ukizidisha kupuliza, hewa inayotoka nyuma ya flapu inakuwa kama nyongeza ya bawa, inavuta mtiririko wote wa mbele uzunguke zaidi. Faida hiyo ya pili ni kubwa, ila bei yake ni ya kutisha.

Twende kwenye Caravan yako. Ile ya 208B huruka ikiwa na uzito usiozidi kilo 3,969, na bawa lake lina mita za mraba 26 hivi. Flapu zikiwa zimeshuka zote, bawa linaachia, yaani linastoli kama marubani wanavyosema, kwenye kilometa 113 kwa saa, ambayo ni mita 31 na ushee kwa sekunde. Chukua uzito kwa nyutoni, ugawe kwa nusu ya uzito wa hewa kwa mita ya ujazo (kilo 1.225 usawa wa bahari) mara mwendo kipeo cha pili mara eneo la bawa. Utapata kizigeu cha uinuaji, yaani namba inayopima bawa linainua kwa nguvu kiasi gani, cha 2.4 au 2.5. Bawa tupu lisilo na flapu halifiki mbali na 1.5, kwa hiyo flapu za Caravan zinafanya kazi ya kiume hata bila kupulizwa.

Tuseme unataka kizigeu kifike 4. Mwendo wa kustoli unashuka hadi mita 25 kwa sekunde, kilometa 90 kwa saa. Safi. Lakini upulizaji nao una namba yake, nayo ndiyo iliyokosekana kwenye mchoro wako: kilo za hewa unazopuliza kwa sekunde, mara kasi yake ikitoka kwenye mwanya, gawa kwa nusu ya uzito wa hewa mara mwendo wa ndege kipeo cha pili mara eneo la bawa. Kuizuia tu hewa isibanduke, namba hiyo inatakiwa iwe asilimia chache. Nakupa 5, na hapo nakupendelea, maana kufikia kizigeu cha 4 kwa 5 tu inataka bawa lililobuniwa vizuri kweli. Kwa mwendo wa mita 25, asilimia 5 ni kama nyutoni 480. Ukipuliza kwa mita 300 kwa sekunde, unahitaji kilo 1.6 za hewa kila sekunde.

PT6, injini ya turbini iliyo kwenye pua ya Caravan, inavuta kilo tatu na kitu kwa sekunde, hewa yote kwa jumla. Wewe unaomba nusu yake. Kompresa ile imeandaliwa kuchotwa kidogo tu, kwa joto la kabini na kazi ndogondogo. Ukiinyang'anya nusu ya hewa, sindano ya joto la turbini inapanda mpaka ukutani huku propela ikiishiwa nguvu.

Hata injini ingekuwa ya miujiza ikavumilia, angalia hesabu ya kuruka. Urefu unaohitaji ardhini unakwenda na mwendo wa kuondoka kipeo cha pili, gawa kwa kasi unavyoongeza mwendo. Kutoka kizigeu cha 2.45 hadi 4, kipeo cha pili cha mwendo kinapungua kwa kama asilimia 39. Sasa bomba lako likila asilimia 40 ya msukumo, uongezaji mwendo nao unapungua kwa kiasi hichohicho. Umebeba mabomba, vali na uzito wote ule, halafu unaondoka ardhini palepale ulipokuwa unaondokea zamani. Na hapo tuko Dar, usawa wa bahari. Seronera iko takriban mita 1,500 juu, ambako hewa ya kawaida ni nyepesi kwa asilimia 14 hivi, na injini inalisikia hilo sawasawa na bawa.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu ya darasani hailitaji, na mimi niliyeshika spana ndilo nalitazama kwanza: ule mwanya wenyewe. Kilo 1.6 kwa sekunde, mita 300 kwa sekunde, flapu zenye urefu wa mita kumi kwa pande zote mbili. Gawanya. Mwanya wako una upana wa chini ya milimita moja. Utaukagua kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mianya, kutoka mwanzo wa flapu hadi mwisho, pande zote mbili, kwa sababu ukiwa mpana upande mmoja kuliko mwingine, bawa moja litainuka zaidi. Halafu ndege hiyo asubuhi iko Mafia kwenye chumvi, mchana iko mbugani kwenye vumbi jekundu, na usiku imelala nje. Nyigu wa udongo nimeshawatoa kwenye vitundu vingi vya ndege. Mwanya mwembamba hivyo wenye joto la kupendeza kila jioni watauita nyumba.

Kama bado unaitaka ndege yako, na natumaini unaitaka, una njia mbili. Ya kwanza ni kutoiibia injini ya propela kabisa, ukaweka injini ya pembeni ya kupuliza tu. Wajapani wamefanya hivyo kwenye ndege yao ya majini ya US-2: propela nne za kuvuta, na injini ya tano ndani ya mwili ambayo kazi yake ni kuendesha kompresa ya hewa ya flapu na mkia. Inaondoka majini kwa kama mita 280, na inaweza kutua kwenye mawimbi ya mita tatu. Mzazi wake, PS-1, aliruka mwaka 1967, kwa hiyo si jambo la jana. Njia ya pili ni kuacha mabomba na kuacha propela zipulize bawa lenyewe. Hiyo nimeijibu kwenye barua ya mwisho, isome.

Mama habari za kazi. Nikipanda ndege ya propela kwenda Zanzibar, karibu na kutua nasikia muungurumo unabadilika na ndege inakuwa kama imeshikwa nyuma. Ndiyo hiyo hewa inapulizwa? — Mama wawili, Mbezi Beach

Nzuri, mwenzangu. Hapana, hizo ni flapu za kawaida zimeshuka, zimeongeza ukinzani, na rubani ameongeza nguvu kidogo kuufidia. Ila swali lako si la mbali. Kwenye ATR na Dash 8, propela zimekaa mbele ya bawa, na upepo wake unapita juu ya bawa na kwenye flapu muda wote injini inapovuta. Sehemu hiyo ya bawa inahisi mwendo mkubwa kuliko ndege yenyewe. Kwa hiyo unapulizwa, ila kwa bahati njema tu, na waliopima mwendo wa kutua hawakuihesabu bahati hiyo.

Fundi, nakaa Kipunguni, ndege zinapita juu ya bati langu. Kuna siku lilikuja dege la jeshi la Marekani, injini nne, mkia kama herufi T, limeinua pua na linakwenda polepole mpaka nikadhani linaanguka. Dude zito vile linasimamaje hewani? — Jirani wa rada

Kwa maelezo yako hiyo ni C-17. Haikuwa inaanguka, ilikuwa kazini.

Ukiitazama kwa nyuma wakati flapu zimeshuka, utaona zimeingia moja kwa moja kwenye moshi wa injini. Hawakukosea vipimo. Gesi inayotoka kwenye injini inaigonga flapu, sehemu yake inapenya kwenye nyufa kati ya vipande vya flapu, inapita juu yake, na yote inageuzwa kuelekea chini. Hakuna bomba la kupitisha hewa ndani ya bawa. Gharama yake ni joto na mtikisiko: flapu inakaa ndani ya pumzi ya injini ya jeti, ndiyo maana zimetumia titani pale ambapo ndege nyingine zinatosheka na alumini.

Wazo hilo lilijaribiwa miaka ya 70, Jeshi la Anga la Marekani lilipotafuta mrithi wa C-130, ndege yake ya mizigo ya propela. McDonnell Douglas walileta YC-15, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1975, injini nne chini ya bawa kama ulivyoona. Boeing wakaleta YC-14 mwaka 1976, nao wakaenda kinyume kabisa: injini mbili kubwa zimewekwa juu ya bawa, mbele, zinapuliza mgongoni. Hewa yenye kasi ina tabia ya kung'ang'ania uso uliopinda na kuufuata, tabia iliyopewa jina la Mromania Henri Coandă, hivyo moshi ulifuata mgongo wa bawa na flapu hadi ukaelekea ardhini. Mradi ulisimamishwa mwaka 1979 bila mshindi kununuliwa. Lakini flapu za YC-15 ndizo zilizorithiwa na C-17, iliyoruka mwaka 1991, na ndizo zinazoiwezesha kutua na mzigo kwenye njia ya takriban mita 1,070.

Umeniuliza dege moja, nitakujibu na jingine. Kama ingekuwa chaguo langu, injini ningeweka juu. Kwenye changarawe hazimezi mawe, na bawa linakinga kelele zisiwafikie watu kama wewe walio chini. Antonov nao waliona hivyo: An-72 yao ya mwaka 1977 ina injini juu ya bawa, karibu sana na mwili, na Warusi wakaibatiza Cheburashka, yule mnyama wa katuni mwenye masikio makubwa. Ubaya wake ni kwamba injini ikiharibika fundi anapanda jukwaa refu juani, na angani moshi unalisugua bawa safari nzima na kula mafuta.

NASA, shirika la anga la Marekani, nao walichukua ndege ya Kikanada aina ya Buffalo, wakaibadili bawa na kuipa injini nne ndogo za jeti juu yake. Mwaka 1980 waliitua kwenye meli ya kubebea ndege ya Kitty Hawk bila ndoano wala kamba za kuikamata, ikasimama yenyewe, kisha ikaruka tena bila kurushwa na mtambo wa meli. Ukiipata picha yake, itazame mara mbili.

Mama, shikamoo. Nimesoma kwamba teknolojia hii ipo tangu miaka ya 50. Kama ni nzuri hivyo, kwa nini haimo kwenye ndege tunazopanda? Au wazungu wanatuficha? — Mdadisi, Ilala

Marahaba. Hakuna aliyetuficha, hata wao hawaipandi. Na hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo, kwa hiyo vumilia.

Ndege ya kivita ya Marekani, Lockheed F-104, iliruka mwaka 1954. Bawa lake lilikuwa fupi na jembamba kama kisu, zuri kwa kukimbia mara mbili ya kasi ya sauti, baya sana kwa kutua. Wakaipulizia flapu hewa ya kompresa ya injini yake moja, ikashuka kwenye mwendo ambao tairi zinaweza kuuvumilia. Lakini rubani wake alifundishwa jambo moja la lazima: usirudishe nguvu mpaka magurudumu yaguse. Ukirudisha mapema, upulizaji unapungua pamoja na injini, na bawa linakuachia ukiwa bado juu. Injini ikizima kabisa, flapu zilizoshushwa zote hazina maana, unatua na za nusu kwa kasi kubwa zaidi. Na upulizaji ukikatika upande mmoja tu, ndege inapinduka upande huo, karibu na ardhi.

Waingereza wakaja na Buccaneer ya jeshi la majini mwaka 1958. Wao walipuliza kila mahali: ukingo wa mbele wa bawa, flapu, eleroni (vipande vya karibu na ncha ya bawa vya kuilaza ndege upande), na hata mkia. Kwa nini mkia? Kwa sababu flapu ikipulizwa, nguvu ya kuinua inahamia nyuma ya bawa na kuisukuma pua chini, na mkia wa kawaida hauna ubavu wa kuishikilia. Halafu wakagundua kwamba ili hewa ya kupuliza itoshe, injini lazima ziungurume sana, na zikiunguruma sana ndege haitaki kupunguza mwendo. Dawa yake ikawa breki ya hewa, ncha ya nyuma kabisa ya mwili inafunguka pande mbili kama milango, na ndege inakuja kutua huku injini zinasukuma na breki inavuta. Ukiitazama kwa jicho la mhasibu ni kichekesho. Kwa jicho la nahodha wa meli fupi ilikuwa sawa kabisa.

Tatizo ni lilelile ndege zote. Kwenye ndege ya kawaida injini ikizima unapoteza msukumo, bawa unabaki nalo. Kwenye ndege ya kupulizwa, injini ikizima unapoteza msukumo na kipande cha bawa kwa wakati mmoja, upande uleule, ukiwa chini na mwendo mdogo. Waliofanikiwa ni wale waliouanza mchoro kwenye injini iliyozima, ndipo wakaja kwenye inayofanya kazi. Wafaransa, kwenye Breguet 941 ya mwaka 1961, walikuwa na propela nne zinazopuliza bawa zima, na wakaziunganisha zote kwa shafti moja ndani ya bawa: injini moja ikifa, propela yake inaendelea kuzungushwa na injini nyingine tatu, na bawa halijui kilichotokea. Marekani na Kanada, kwenye Buffalo nyingine ya majaribio ya mwaka 1972, walivusha mabomba ya hewa kutoka injini ya kushoto kwenda bawa la kulia na kinyume chake. Boeing kwenye YC-14 walibana injini karibu na mwili ili ikizima moja, mkono wa kuipindua ndege uwe mfupi. Kila suluhisho ni zuri, na kila suluhisho ni uzito, shafti, vali na saa za ukaguzi.

Ongeza na sheria. Ndege ndogo ya injini moja kwa kanuni za Marekani ambazo Caravan ilithibitishwa nazo ilitakiwa istoli kwenye noti 61 (zile kilometa 113 kwa saa) au chini, na kipimo hicho kilichukuliwa injini ikiwa haisukumi. Maana yake, hata ukipuliza mpaka bawa liimbe, mkaguzi anairudisha injini yako mpaka isisukume kwanza, ndipo anapima.

Na fedha. Kwetu huku kiwanja cha mbugani kikiwa kifupi, mara nyingi dawa yake ni greda na rola kuongeza mita mia mbili tatu za changarawe. Greda halihitaji leseni ya fundi wa ndege. Kampuni ya ndege itanunua kitu rahisi kinachorudi kazini kesho asubuhi, na mimi ningekuwa mwenye kampuni ningefanya hivyo hivyo. Upulizaji unalipa pale tu ambapo njia haiwezi kurefushwa: sitaha ya meli, bahari yenye mawimbi, paa la jengo.

Mama Fundi, nasomea urubani. Mwalimu wangu anasema ndege za aina hii "zinaendeshwa kinyume". Anamaanisha nini? — Binti wa Kigamboni

Ukiwa polepole sana, kadiri unavyopunguza mwendo ndivyo unavyohitaji nguvu zaidi kubaki juu, kwa sababu ukinzani wa kuinua unapanda. Ndege ya kupulizwa inatua ikiwa ndani kabisa ya eneo hilo. Ukiona unashuka chini ya njia yako, silika inakuambia vuta usukani. Ukivuta, unapunguza mwendo na kuzama zaidi. Mteremko unaushika kwa nguvu ya injini, mwendo unaushika kwa pua, na kwenye ndege nyingi za majaribio za aina hii kompyuta ilisaidia kuunganisha mkono wa nguvu na flapu. Karibu na ardhi ndege ya kawaida hubebwa kidogo na hewa. Yenye uinuaji mkubwa mno inaweza kupoteza badala ya kupata, kwa hiyo usisubiri kuelea. Na upepo wa ubavuni: noti 15 kwenye mwendo wa noti 50 zinakugeuza nyuzi 17 hivi, wakati kwenye noti 100 ni chini ya 9. Mwalimu wako hakukutania.

Shkamoo bibi. Nina miaka 14, natengeneza ndege za foam na mota za umeme. Nataka yangu iruke kwenye uwanja mdogo wa shule. Naweza kupuliza flapu? — Fundi mdogo, Mbagala

Marahaba mjukuu wangu. Wewe unaweza kuliko yule wa chuo, na sifanyi utani.

Mota za umeme zimebadili hesabu. Injini ya mafuta ikigawanywa vipande vinane inakuwa mizigo minane. Mota ya umeme ukiigawanya vipande vinane bado ni myepesi. Unazipanga mbele ya bawa kuanzia mwilini hadi ncha, propela ndogondogo, na upepo wake unafunika flapu yote bila bomba hata moja. Mota moja ikifa, zimebaki saba na kompyuta inazipangia kazi upya. Kampuni ya Electra ya Marekani imerusha ndege ya watu wawili ya namna hiyo, ina mota nane, ilianza kuruka mwaka 2023, na imeondoka ardhini kwa chini ya mita 60. NASA walikuwa na yao, X-57, iliyopangiwa propela ndogo 12 za kusaidia kuinua. Mradi ulifungwa mwaka 2023 kabla haijaruka, kwa hiyo usidhani ni kazi nyepesi.

Kwanza fanya jaribio la mezani. Washa mshumaa, uweke nyuma ya chupa ya soda ya mviringo, kisha pulizia chupa kwa mbele. Mshumaa utazimika ingawa chupa imeukinga, kwa sababu hewa imezunguka mgongo wa chupa na kukutana nyuma. Rudia kwa boksi la majani ya chai lenye kona. Utaona tofauti, na utajua kwa nini mgongo wa flapu yako uwe wa mviringo na si mkunjo mkali kama wa daftari.

Sasa bawa. Kata nusu bawa la sentimita 60, flapu iwe theluthi moja ya upana wake. Panga mota nne zenye propela za inchi 3, ukingo wa chini wa propela uwe chini kidogo ya bawa ili upepo ugawanyike juu na chini. Lisimamishe bawa wima juu ya mzani wa kidijitali kwa kutumia nyenzo ya ubao, ili nguvu ya ubavuni ya bawa igeuke kuwa uzito kwenye mzani. Mbele yake weka feni kubwa ya kusimama. Soma mzani flapu ikiwa nyuzi 0, 20, 40 na 60, mota zikiwa zimezimwa, halafu zikiwa nusu, halafu zikiwa zote. Andika kwenye jedwali. Utakuta mota zikiwa zimezimwa nyuzi 60 hazikupi zaidi ya 40, pengine pungufu, na zikiwashwa nyuzi 60 zinakuja juu.

Kisha zima mota moja ya mwisho nje na usome tena. Namba hiyo ndiyo itakayokuambia eleroni yako iwe kubwa kiasi gani, kwa sababu bawa la pili litakuwa na mota zake zote. Kama eleroni haitoshi, usipunguze majaribio, punguza kupuliza kwenye ncha za bawa na uongeze karibu na mwili.

Siku ya kurusha, nenda alfajiri kabla upepo wa bahari haujaamka, wenzako wakae nyuma yako na si mbele ya ndege, na betri iwe ya mwisho kuunganishwa. Propela ya inchi 3 inakata kidole vizuri tu.